Nywele Zilizokataa Matanga

Dawa ilikuwa tone moja tu utosini kila asubuhi. Ndani ya tone hilo mlikuwa na chembeunde, mashine ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizoshuka hadi kwenye mizizi ya nywele iliyolala na kuiamsha. Haukupita muda, Luhende, fundi wa treni za angani jijini Mwanza, akawa na nywele tele, na wenzake waliozoea kumwita Balbu kwa ajili ya upara wake wakaliacha jina hilo. Hakuna kioo alichokipita bila kujitazama. Zaidi ya yote alijivunia mkewe, Daktari Minza, aliyeitengeneza dawa ile na kumpaka kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha baba yake Luhende akafariki.

Siku ya kuanua matanga, wana wote wa marehemu walinyolewa upara uani, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo wao. Roboti walisonga ugali na kuteka maji, lakini wembe hawakuachiwa. Huo ulikuwa wa baba mdogo, mzee Ngassa. Alimnyoa Luhende hadi kichwa kikang'aa. Kabla chakula hakijapakuliwa, nywele zilikuwa zimerudi zote.

"Wenzako tumemnyolea baba, wewe umekuja kujiremba?" alifoka kaka yake, Kwilasa.

"Nimemnyoa mwenyewe kwa mkono huu," alisema mzee Ngassa, akamnyoa tena. Zikarudi tena. Watu wakaanza kusogeza viti mbali naye. Luhende alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kitu kimoja tu, kumuaga baba yake akiwa na kichwa kama cha ndugu zake.

Alipoinua macho alimwona Minza kati ya wanawake. Wengine walikuwa wameinamisha nyuso kwa aibu. Minza alikuwa akiukodolea macho utosi wake, na taa ndogo ya miwani yake ya kurekodia kazini ilikuwa inawaka. Luhende akamvuta nyuma ya jiko.

"Mama Kabula, unarekodi nini?"

Minza akavua miwani. "Huzuni hupukutisha nywele, Baba Kabula. Ilibidi tujue kama dawa itahimili. Nimezipa chembeunde zako uwezo wa kula kemikali ya majonzi. Kadiri unavyoumia, ndivyo nywele zinavyoota."

"Kwa nini mimi?"

"Msiba hatuwezi kuutengeneza maabara."

Hapo Luhende akakumbuka. Tone la kwanza alipakwa juma lile lile baba alipolazwa hospitali, Minza alipotoka kuzungumza na madaktari. "Nataka upate furaha kidogo," alimwambia siku ile, naye akalia kwa shukrani, mjinga yeye.

"Ulijua hatapona."

"Nilijua."

"Na bado ukanipaka."

Minza alifutafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Ukitulia zitaacha," alisema hatimaye.

Mwanamke aliyemshika kichwa kila asubuhi alikuwa akingoja baba yake afe, na hata sasa hakusema pole. Luhende alirudi uani bila kumtazama, akaketi kwenye kigoda mbele ya watu wote.

"Baba mdogo, ninyoe tena."

Mzee Ngassa aliulowesha wembe, akaanzia kwenye paji. Safari hii nywele zilianza kuota upya kabla hajafika kisogoni.