Chupa ya Maziwa ya Krasulya

Ulyana mwenyewe ndiye aliyenieleza haya, miaka mitatu baada ya kutokea, siku tuliyokuwa tukichimba viazi shambani kwangu. Mimi ni Tekla, jirani yao. Sehemu nyingine niliziona kwa macho yangu, lakini ya shuleni ni yake. Nami sikuvuka darasa la nne, basi atomu nitazisimulia kama nilivyozisikia.

Ulyana alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na bibi yake Marfa, mdogo wake Lyavon wa miaka minne, na ng'ombe mmoja aitwaye Krasulya. Kila asubuhi Marfa alikamua, Ulyana akachemsha maziwa mara tatu, Lyavon akanywa kikombe chake cha bluu. Kuchemsha mara tatu ni desturi ya kijiji chetu tangu kituo cha umeme wa nyuklia kilipolipuka, kabla watoto hawa hawajazaliwa. Tulisema, "Ya kwanza kwa ajili ya vijidudu, ya pili kwa ajili ya sesiamu, ile sumu ya mlipuko, ya tatu kwa ajili ya amani ya moyo."

Alhamisi moja ikawa siku ya kupima maziwa, kwa mara ya kwanza shuleni. Kulikuwa na mashine ya kupima sesiamu ndani ya sanduku zito la madini ya risasi, na kila mtoto alileta chupa ya maziwa ya kwao. Kikomo kilikuwa mia; maziwa yaliyozidi hapo hayakufaa kunywewa. Jumatano jioni Ulyana alikuja kwangu.

"Bibi Tekla, naomba chupa moja ya maziwa."

"Kwani Krasulya amegoma?"

"Amepiga teke ndoo, Bibi."

Nikampa. Ng'ombe wangu alikula nyasi za shamba lililolimwa, ambako sumu ni kidogo. Krasulya alikula kando ya kinamasi, msituni, kwa sababu Marfa hakuwa na malisho mengine. Mwaka uliotangulia maziwa ya ng'ombe wa jirani mwingine yalizidi kikomo, naye ng'ombe akapelekwa kuchinjwa. Marfa alisema siku ile, "Krasulya akienda, na mimi nifuateni na jeneza." Ulyana hakulisahau neno hilo.

Alhamisi mashine ikaonyesha thelathini na moja.

"Haa! Ulyana ana ng'ombe wa peponi!" akapiga kelele Kastus, mwenzake wa dawati. "Anakula mawingu!"

Darasa likacheka. Mwalimu Rygor hakucheka. Aliandika namba, kisha akamwaga maharagwe na njegere mezani.

"Leo tunamjua adui," alisema. "Kila kitu kimejengwa kwa atomu. Ndani ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni. Maharagwe haya ni protoni. Hesabuni hamsini na tano katika kila mfuko wa hii miwili. Nani mwenye hamsini na tano?"

"Sesiamu!" wakajibu.

"Daima ni sesiamu. Protoni ndizo jina lake. Sasa tieni nyutroni, hizi njegere."

Mfuko mmoja wakatia sabini na nane, jumla mia moja thelathini na tatu. Wa pili wakatia themanini na mbili, jumla mia moja thelathini na saba. Hiyo jumla, akasema, ndiyo namba ya uzito wa atomu.

"Ni isotopu mbili. Jina moja, tabia moja kwa ulimi na kwa tumbo. Ya kwanza imetulia tangu dunia iumbwe. Hii ya pili imezidi njegere nne tu, na haitulii. Inapasuka, na ikipasuka hutoa mnururisho unaodhuru mwili. Kila miaka thelathini hupungua nusu."

Kastus akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, sisi tunachemsha mara tatu. Si inakufa?"

"Kastus, haikuwa hai hata ife. Moto hauwezi kung'oa njegere hata moja kwenye kiini. Ukichemsha, maji yanapungua, sesiamu inabaki yote."

Ulyana aliniambia kwamba hapo akili yake ilirudi nyumbani. Aliona kikombe cha bluu. Kila asubuhi yeye ndiye aliyekijaza.

Kengele ilipolia hakutoka.

"Mwalimu, yale maziwa si ya Krasulya."

"Nilijua kinamasi hakitoi thelathini na moja," akasema Mwalimu taratibu. "Nilikungoja useme. Kalete ya kwenu."

Safari hii mashine ilisema mia nne na kumi na mbili.

Mwalimu alikwenda naye nyumbani. Marfa alisikiliza akiwa ameshika ndoo, kisha akaiweka chini.

"Kwa mkono huu," alisema. "Nimemkamulia kwa mkono huu."

"Mkiacha leo kumpa maziwa haya, mwili wa mtoto utaitoa sesiamu kidogo kidogo, kwa miezi," Mwalimu akasema. "Maziwa yasukeni, mle siagi. Sesiamu hukaa kwenye maji, si kwenye mafuta. Yale maji ya siagi myamwage, msimpe mtu."

"Na kinamasi je?"

"Miaka thelathini, nusu."

"Nusu," Marfa akarudia. "Nami nina sabini na moja." Akamgeukia Ulyana. "Mjukuu wangu, mashine hukuidanganya. Ilipima ulichokipa. Uliyemdanganya ni huyu mdogo wako. Neno likiwa chungu, niletee lingali bichi. Usinichemshie."

Krasulya hakupelekwa kuchinjwa; Mwalimu alikubali abaki, kwa ajili ya siagi tu. Jioni, jua likiwa bado dirishani, Lyavon alilia akitaka kikombe chake. Wakamtilia maji ya matufaha. Akakisukuma, akalia mpaka akalala. Marfa alikaa zizini, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, naye usingizi ukamchukua hapohapo.

Ulyana alimfunika shali, akaingia ndani, akalala kitandani macho wazi. Akahesabu njegere moja moja, kama darasani. Alipofika sabini na nane usingizi ukamchukua. Zile nne zilizozidi hakuzifikia.