Kwa Nini Mtoto wa Kabura Alinenepa

Wachuka na Kabura walikuwa wameolewa na ndugu wawili huko Gatitu, karibu na mji wa Nyeri. Nyumba zao zilitazamana. Kila asubuhi walikama ng'ombe, wakachota maji mtoni, kisha wakaenda shambani.

Mwaka huo wa 1969 kila mmoja alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Kingori, mtoto wa Kabura, alikuwa mnene. Alikimbiza kuku uani mchana kutwa. Wamucii, mtoto wa Wachuka, alikaa tu mlangoni. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nywele zake zilikuwa nyepesi na nyekundu. Hakucheza wala kucheka.

Wageni walimsifu Kingori. Hata mama mkwe, akija, alimbeba Kingori kwanza. Wachuka aliona hayo yote, na kila sifa ilimchoma.

Kila Jumatano Kabura alimpeleka mwanawe kliniki ya misheni ya Wakatoliki.

"Yeye ni Mkatoliki," Wachuka alimwambia mumewe, Muriithi. "Masista wanampa maziwa kwa siri. Sisi wa kanisa lingine hatupewi kitu."

"Umewauliza?"

"Niulize nini? Ati niende kuomba, Kabura anicheke?"

Mtoni aliwaambia wanawake kwamba Kabura alibadili dini ili apewe maziwa.

Siku moja Kabura alikuja kwake. "Mama Wamucii, huyu mtoto ni mgonjwa. Kesho twende naye kliniki."

"Wewe chunga wako," Wachuka akasema. "Wangu niachie."

Wiki iliyofuata Wamucii alikataa uji. Ngozi ya miguu ikaanza kubanduka. Sasa Wachuka aliogopa. Jumatano alimfunga mtoto mgongoni, akapita njia ya shambani ili Kabura asimwone.

Lakini Kabura alikuwa ameshafika. Alikuwa akikoroga sufuria kubwa pamoja na sista mmoja. Wachuka alitaka kurudi. Nesi Gaudencia akamwahi, akamchukua mtoto, akampima uzito. Kisha akabonyeza mguu wake kwa kidole. Shimo likabaki.

"Anakula nini?" Gaudencia akauliza.

"Anashiba, nesi. Ndizi, viazi, uji."

"Maharagwe?"

"Hayo ni ya watu wakubwa."

"Maziwa?"

"Nilimwachisha kunyonya nilipopata mimba nyingine. Ya ng'ombe tunauza."

"Na mayai?"

"Napeleka soko la Majengo, nauza."

"Basi tumbo linashiba, lakini mwili hauna cha kuujenga," Gaudencia akasema. "Huu ni utapiamlo. Mtoto hajarogwa. Utaponda maharagwe, utoe maganda, uchanganye na viazi. Utampa yai, na kikombe cha maziwa kila siku. Lakini leo hawezi kurudi nyumbani. Lazima daktari amwone. Umechelewa, mama."

Wachuka alitazama sufuria. "Na Kabura mnampa maziwa gani?"

"Hatumpi. Ako na ng'ombe wake, kama wewe. Alijifunza hapa, na sasa anafundisha wengine."

"Mimi si Mkatoliki."

"Masista wa kwanza walifika Nyeri zaidi ya miaka sitini iliyopita," Gaudencia akasema. "Walikuta Wakatoliki wangapi? Walipanda vilima kwa miguu na dawa zao. Unafikiri walimtibu nani?"

Kabura alikuja na bakuli la maharagwe yaliyopondwa.

"Nilikusema vibaya mtoni," Wachuka akamwambia, bila kumtazama.

"Nilisikia." Kabura akampa kijiko. "Mlishe kidogo kidogo."

Wamucii alilazwa hospitali wiki tatu. Kila siku Kabura alimkamia Wachuka ng'ombe wake. Walipotoka hospitali, Muriithi alikubali maziwa ya mtoto yatengwe kabla ya mengine kuuzwa. Mayai yakaanza kupikwa nyumbani. Mtoto wa pili alipozaliwa, Wachuka alianza kumpeleka kliniki mapema, akiwa bado ananyonya.

Wivu haukuisha siku moja. Mama mkwe akimsifu Kingori, bado Wachuka aligeuza uso. Lakini Jumatano alikwenda kliniki na Kabura, kwa njia moja.

Mwezi wa Desemba, Wamucii alivuka ua kwa miguu yake mwenyewe, akamnyang'anya Kingori kiazi. Kingori akalia. Wamucii akashikilia kiazi kwa mikono miwili, akakataa katakata kukitoa. Mama zao waliwasikia. Hakuna aliyeinuka kuwaamua.