Turbo Ndani ya Gunia

Kila siku akitoka shuleni, Valarie alivaa malapa na kuketi juu ya debe katika gereji ya mama yake, kando ya barabara ya Kibos, Kisumu. Kazi yake ilikuwa kuosha kwa mafuta ya taa vyuma vilivyotolewa kwenye magari, kisha kuvipakia katika katoni. Mama yake, fundi Naswa, alikuwa na sheria iliyojulikana mtaa mzima: mwenye gari haondoki bila spea yake ya zamani, ili aone kwa macho kwamba imebadilishwa kweli. Wateja walimwamini kwa hilo, na Valarie alitembea kichwa juu kwa sababu ya mama huyo.

Alhamisi moja aliosha turbo ya Subaru ya buluu ya Bwana Laban. Turbo ni feni ya chuma inayozungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu zaidi. Bwana Laban alikuwa ameleta nyingine mpya, kubwa kama sufuria, ifungwe kabla ya mashindano ya magari ya kuzunguka mapipa karibu na Dunga. Mwaka uliopita alishika mkia, na marafiki zake hawakuwa wamechoka kumcheka.

Valarie alipoinama kutafuta katoni, mkono wake uligusa gunia chini ya meza. Akalifunua kidogo. Ile turbo kubwa ilikuwa humo, haijafungwa popote.

Kama ya zamani alikuwa nayo mkononi, na mpya imelala guniani, je, ndani ya gari mlikuwa na nini?

"Mama, gari ya Bwana Laban imeisha?" aliuliza.

"Imeisha. Pakia hiyo ya zamani, anakuja kesho jioni," mama alijibu bila kugeuka.

Kesho yake wakati wa mapumziko, Uzair, mwanafunzi mwenzake ambaye baba yake, Seif, aliuza spea, alimsogelea.

"Mamako alikuwa kwa duka yetu juzi," alisema. "Waliongea na baba polepole. Nikikaribia, wananyamaza."

"Waliongea nini?"

"Sijui. Lakini kuna mafundi wengine, unawaletea spea mpya wanaiuza, halafu wanakuwekea mtumba."

"Si mama yangu," Valarie alisema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika.

Jioni hiyo alimchunguza mama yake kama askari. Kwa nini gunia lilikuwa limesogezwa nyuma ya matairi? Na kwa nini mama aliharakisha kufunga boneti Bwana Laban alipoingia? Kila kitu kilimtia shaka, naye alijichukia kwa kumshuku mama aliyempikia uji asubuhi.

Bwana Laban alipewa katoni. Aliifungua, akaiona turbo yake ya zamani, akaridhika.

"Sasa ile kubwa iko ndani, Mama Valarie?"

"Gari yako iko tayari kwa mashindano," mama alisema.

Valarie alisikia vizuri kwamba swali halikujibiwa. Akisema, huenda mtaa wote ukamwita mama yake mwizi, na gereji ikose wateja. Akinyamaza, atakuwa amemsaidia kudanganya.

"Mama," alisema, "na ile iko kwa gunia?"

"Gunia gani?" aliuliza Bwana Laban.

Mama alilivuta gunia na kulifungua.

"Sijakuibia, Laban. Hii ni kubwa kwa hiyo kazi yako. Inataka barabara ndefu imenyooka ndiyo ishike kasi. Wewe unazunguka mapipa, kila mara unapunguza mwendo. Kabla ianze kuvuta, ushafika kwa pipa lingine. Nilikuambia, ukacheka. Kwa hivyo nikaazima ya kadiri kwa Seif, nikakuwekea."

"Ukanificha?"

"Nilitaka uiendeshe kwanza, halafu nikuambie."

Bwana Laban alichukua ufunguo. Walimwona akivuka barabara hadi uwanjani, akiyazunguka magoli ya mpira huku vumbi likitimka. Kila alipotoka kwenye kona, gari liliruka mbele bila kusita. Aliporudi, uso wake ulikuwa bado umekunjamana.

"Inavuta vizuri. Ibaki hii," alisema. "Lakini ningepata hilo gunia mwenyewe, Kisumu nzima ingesikia kwamba wewe ni mwizi."

"Na singekuwa na la kujitetea," mama alijibu.

Bwana Laban alipoondoka na turbo yake kubwa, Valarie alianza kulia. "Nisamehe, Mama. Nilidhani umeiba."

Mama alipangusa mikono, akaketi kando yake.

"Kosa lako ni moja tu, kukaa na hofu tangu jana bila kuniuliza. Lingine lote ni langu. Nilijua gari inataka nini, nikasahau ina mwenyewe, na ni haki yake kuambiwa ukweli hata kama atakataa. Jambo zuri likifanywa kwa kificho, anayeliona hawezi kulitofautisha na wizi. Hata wewe, unayenijua kuliko watu wote, hukuweza."