Nilimwonyesha Mama Njia

Jumapili ile nilitoka jioni kwenda kuchukua koti langu kwa fundi. Zipu ilikuwa imekufa, na baridi ya huku ugenini haina utani. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, wiki nzima mbele ya mvuke, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yangu ya kuwa mtu. Hununua sabuni na vitunguu, kisha humtembeza mama mjini.

Nilikuwa namtembeza kwa simu. Mama alikuwa kitandani nyumbani, mapafu yamemchosha, na mimi sina kibali cha kuishi huku; nikiondoka sirudi tena. Basi tukawa tunaongea kwa video. Naishika simu mbele ya kifua, naye anatazama mji. Mimi huonyeshwa paji la uso wake na dari, maana hakuwahi kujifunza kuishika simu vizuri.

Siku ile alipiga yeye. Nilikuwa darajani, penye sanamu za simba. Kioo kilikuwa cheusi tupu.

"Umeme umekatika tena?" nikamuuliza.

"Giza tu huku, Kitinda. Nionyeshe ulipo."

Kitinda ndilo jina alilonipa kwa kuwa mimi ni wa mwisho. Sauti yake ilikuwa nyepesi, haina kikohozi hata kidogo. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikamwonyesha simba, mto, na saa kubwa ya mnara. Alipoona njiwa wa uwanjani akacheka.

"Wamenenepa hivyo, hawana kazi?"

Kwa fundi nikavaa koti, kisha nikamgeuzia simu amsalimie mama. Fundi ni mtu wa maneno mengi. Akatazama kioo. Akanitazama mimi.

"Dada... simu yako imezima."

"Ni giza. Umeme umekatika kwao."

Akasogea nyuma, akajifanya anatafuta mkasi.

"Fundi gani huyu hana salamu," nikamwambia mama tulipotoka. Hakucheka.

"Nionyeshe njia," akanong'ona.

"Njia ya wapi?"

"Ya kwako. Nisije nikapotea."

Moyo uliniuma. Tangu niondoke alikuwa akiniuliza nitamleta lini, nami nikimjibu kibali kikitoka. Nikadhani anajiliwaza. Nikamwonyesha kila kona: duka la viatu, kituo cha mafuta, ukuta uliobomoka.

"Taratibu... rudi kidogo. Hapa nakata kulia?"

"Kulia, mama."

Taa za barabarani zikawaka. Nikaanza kusikia harufu ya udongo mbichi, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Nikanusa koti. Haikuwa koti.

Nikapanda ngazi, nikamwonyesha mlango, kitasa, kitanda changu cha chuma.

"Ndiyo hapa, mama. Karibu."

"Ahsante, mwanangu."

Nikaita, hakuitika. Nikabonyeza simu, haikuwaka. Nilipoichomeka kwenye chaji ikajiwasha polepole, kama iliyolala siku nzima. Kisha ujumbe ukaanza kumiminika, wote wa kaka yangu. Simu yako haipatikani. Pokea. Tafadhali, pokea.

Nikampigia. Alikuwa analia.

"Tumekutafuta tangu alfajiri. Mama ametutoka... Alasiri tumemzika."

"Kaka, nimetoka kuongea naye sasa hivi."

"Na nani?"

"Na mama. Alinipigia. Nimemleta mpaka ndani."

Akaanza kunong'ona.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mama hajawahi kukupigia. Hata simu zilizotoka kwake, namba nilikuwa nabonyeza mimi, kisha nampa simu. Na hiyo simu ninayo mimi hapa mkononi. Huyo aliyekupigia... usimfungulie."

Ngazi zikalia.

Hatua... Nyingine... Zikakoma mlangoni.

"Hodi, Kitinda."

Kaka alisikia. "Usifungue! Nakuomba, usifungue!"

Nilijua anasema kweli. Lakini sikumshika mama mkono alipokuwa anakata roho. Sikutupa hata konzi ya udongo kaburini kwake. Na sauti iliyokuwa nje ya mlango ilikuwa ya mama yangu.

Nikafungua.

Hapakuwa na mtu. Ni harufu ile tu, ikanipita begani, ikaingia.

Kaka ananisihi nihame. Sihami. Jioni nikirudi kutoka kazini, miguu imevimba, sauti hutoka gizani upande wa kitanda: "Pole na kazi, mwanangu." Huku ugenini hakuna mwingine anayeniambia hivyo. Sijui ni nani niliyemkaribisha. Mimi husimama pale mlangoni, naogopa kuwasha taa, kisha humjibu.

"Nimeshapoa, mama."