Mhesabu Dagaa wa Mjomba Zubery

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Bi Saumu wa Kasingirima, mwezi wa mfungo wa mwaka 2024, akichambua choroko uani. Kila alipoulizwa tena, hakubadilisha neno.

Ilianza na harufu. Ashraf, mwanawe wa mwisho, alirudi adhuhuri akakuta sebule inanuka dagaa wabichi, ingawa siku hiyo yalipikwa maharage. Dada yake Hadija alikuwa ameketi mkekani, mchele umemwagwa mbele yake, anasogeza punje mojamoja kwa kidole.

"Unachagua mawe?"

"Nahesabu," alijibu bila kuinua macho.

Ashraf alicheka, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kufufua Karabai, mchezo wa kompyuta alioutengeneza marehemu mjomba Zubery: unawasha karabai mtumbwini, dagaa wanafuata mwanga, unatupa wavu. Nusu ya vijana wa Ujiji walikua nao. Ashraf alipoomba michango mtandaoni ili mchezo uingie kwenye simu, watoto wale wa zamani, waliotawanyika hadi Muscat, walichanga kwa fujo, kisha wakaanza kudai mchezo wao.

Mwenzake, Scola wa Rusimbi, hakutaka kuukarabati ule wa zamani. "Lugha aliyoandikia mjomba wako ilishazikwa, kaka. Tuhamie programu mpya ya kutengenezea michezo. Hii hailambi betri."

Wakahama. Katika kuhamisha ndipo walipokiona kijitu kimoja chini kabisa ya ziwa, mahali mchezaji hafiki, kinahesabu dagaa wasiokwisha.

"Huyu naye nani? Anakula simu bure," Scola alisema.

Bi Saumu alipoulizwa aliacha kula. "Zubery alisema mchezo ukihama, uhame na kila kilichomo. Usitoe kitu, baba."

"Sawa, mama," Ashraf alisema. Jioni ile ile akakifuta. Kesho yake ndipo harufu ilipoingia.

Baada ya mchele, Hadija alihesabu nyuzi za mkeka, akahesabu matundu ya chujio, akaacha kula kwa kuwa kila tonge lilikuwa na punje, hata alasiri moja Ashraf alipofungua mlango wa chumba cha mama yao alimkuta dada yake amepiga magoti kando ya kitanda, harufu ya samaki imejaa hadi kooni, vidole vinavuja damu, anapekua nywele za mama aliyelala, unywele baada ya unywele, midomo inakwenda bila kupumua.

"Dada, acha. Tafadhali."

Sauti iliyojibu haikuwa ya Hadija. Ilikuwa kavu, ya kiume, yenye adabu. "Nilikuwa na kazi. Umeninyang'anya. Nipe kazi, bwana."

Wakampeleka Simbo kwa Mzee Nikodemu, mganga aliyemtibu Hadija utotoni. Mzee hakuitikia hata shikamoo.

"Mkono ulikuwasha nini, kijana? Pepo huyu hafukuziki. Tulimpa kazi isiyo na mwisho ili amwache mtoto, mjomba wako akamchorea pa kukaa. Mrudishieni kazi yake!"

Scola alikirudisha kijitu mahali pake. Hadija akainua kichwa, akaomba chai, akatazama vidole vyake na kuuliza nani kamng'ata. Bi Saumu alilia kwa sauti.

Mchezo ulitoka. Walicheza Ujiji, walicheza Muscat, na nyumba ikanukia nyumba. Kisha watu wakachoka, kama watu wanavyochoka, wakahamia michezo mingine. Asubuhi moja Hadija alikuwa akikata kitunguu. Kisu kikasimama. Akaanza kuhesabu maganda.

"Kijitu si kimo?" Ashraf alipiga kelele kwenye simu.

Scola aliufungua mchezo kwanza. "Kimo. Lakini programu hii, tofauti na ya mjomba wako, husimamisha kila kitu mchezo usipoguswa. Ndiyo maana hailambi betri. Anafanya kazi pale tu mtu anapocheza."

"Ondoa hicho kizuizi!"

"Ni cha walioitengeneza programu, sikifikii."

"Basi turudi kwenye ule wa mjomba."

"Ule ulihitaji kompyuta yake, nami niliifungua, Ashraf. Nilitoa vipuri. Nisamehe."

Ashraf aliwaandikia wachangiaji wote, akawasihi wacheze, hata kidogo, kwa zamu. Walimjibu kwa vicheko. Mmoja aliandika: "Mwanangu, hela tulishakupa. Sasa unataka na vidole?"

Bi Saumu alifariki mwaka ule ule, kabla ya Idi Kubwa. Mzee Nikodemu alimfuata. Scola yu hai, yuko Dodoma, hapokei simu za Kigoma. Ashraf yu hai; yuko kwenye kiti kile kile pale sebuleni Kasingirima, simu kwenye chaja, kidole gumba kimeota sugu. Na Hadija yu hai. Anafua, anaimba, anamlisha kaka yake kwa kijiko ili asiweke simu chini. Ashraf akisinzia, kijiko huanguka, na Hadija huendelea kuhesabu pale alipoishia.