Bibi na Stesheni ya Kisiwani

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa redio: kufagia sebule, kumpelekea Bibi chai, na kuhakikisha hakuna shuka iliyoanikwa kwenye waya wa antena. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Waya ulitoka kwenye paa ukaishia kwenye nguzo ya uani, na Bibi aliuona kama kamba nzuri iliyokosa kazi.

"Bibi, shuka!"

"Zinakaribia kukauka, mke mwenzangu. Iambie redio yako isubiri."

Jina la Chiriku alipewa na Bibi huyohuyo, kwa sababu tangu ajue kusema hakunyamaza. Maneno yalipozidi nyumbani, shangazi yake, fundi redio mwenye kibanda sokoni, alimfundisha kuyapeleka mbali: kuzungumza na watu wa nchi nyingine kwa mawimbi, si kwa biashara, ni kwa kupenda tu. Alisoma, akafanya mtihani, na alipotimiza miaka kumi na mitatu akapata leseni na jina lake la hewani, lenye herufi na tarakimu.

Siku hiyo ilikuwa ya mashindano. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kila mshindani anaita na kuitika, anabadilishana namba na kila stesheni anayoipata, na kuandika daftarini. Mwenye stesheni nyingi na nchi nyingi ndiye mshindi. Mwaka uliopita Chiriku alikosa kikombe cha vijana kwa stesheni moja tu. Kilikwenda kwa mvulana wa ng'ambo ya mto aliyeitwa Nyundo, na Nyundo hakumwacha asahau. "Kikombe kinakusalimu," alikuwa akimwambia hewani. "Kinauliza kama hujambo."

Mwaka huu Chiriku alikwisha kukitengea nafasi juu ya kabati, kati ya saa ya mezani na kopo la vifungo la Bibi. Kwenye fomu alijiandikisha kundi la mtu mmoja, bila msaada. Kikombe cha vijana kilikuwa katika kundi hilo tu.

Mambo yalinyooka. Saa tano ilimkuta na stesheni mia moja na kumi na mbili, sauti imeanza kukwaruza, miguu inacheza chini ya meza kwa furaha. Kilichomkera ni kisiwa kimoja cha mbali. Washindani wengine walikuwa wakikitaja, na kukipata ni kupata nchi mpya yenye alama nyingi. Alizungusha kitufe huku na huku, akikilalamikia kwa sauti hadi sebuleni. Wapi!

"Mke mwenza!" Bibi alipaza sauti kutoka sebuleni, alikokuwa akipiga pasi huku amefungulia kiredio chake cha zamani, kile kilichofufuliwa na Shangazi. "Yule mtu wako wa kisiwani nimemnasa! Mwanamke, ana kikohozi! Mshale uko ishirini na moja, mbele kidogo!"

Mkono wa Chiriku ulikwenda kabla ya akili. Kitufe kikazunguka, na huyo hapo, mwanamke wa kisiwani na kikohozi chake. Chiriku akaita, akaitikwa, wakabadilishana namba. Mia moja na kumi na tatu! Bibi akapiga vigelegele, pasi mkononi.

Ndipo macho ya Chiriku yakaangukia karatasi ya kanuni ukutani. *Bila msaada: mshindani atazitafuta stesheni mwenyewe. Asielekezwe na mtu, simu wala kompyuta.*

Miguu ikaacha kucheza.

Nani angejua? Hata Bibi hakujua kwamba kuna kosa, na kumwambia kungemzimia furaha yote ile. Chiriku alikaa akizungusha kalamu vidoleni. Mwishowe akaona njia: akachora mstari juu ya mia moja na kumi na tatu. Kama sikumpata, basi sikusaidiwa, alijiambia. Akaendelea kuita, lakini raha ilikuwa imemtoka.

Saa sita Shangazi alikuja kula, mikono inanuka moshi wa kulehemu. Akainama juu ya daftari.

"Huu mstari umetoka wapi?"

Chiriku alimweleza kwa kunong'ona.

"Haya, na yule mama wa kisiwani?" Shangazi aliuliza. "Naye amekuandika. Waamuzi wanalinganisha madaftari yote. Wakikuta yeye amekuandika na wewe hukumwandika, wanamkata alama yeye. Umejipangusa tope ukampaka mwenzako. Tena kufuta hakukufanyi uwe hukusikia."

"Kwani nimeharibu?" Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Mngeniambia, ningefunga mdomo!"

"Wewe, Mama?" Shangazi akamgeukia. "Uchiriku huu mtoto ameutoa wapi?"

Bibi alicheka mpaka akashika mlango.

"Kuna kundi la wenye msaada," Shangazi aliendelea. "Limejaa watu wazima wenye kompyuta. Kikombe cha vijana hakimo. Kubadilisha kunaruhusiwa kabla daftari halijatumwa. Amua mwenyewe."

Chiriku aliitazama ile nafasi juu ya kabati. Kisha akakiandika kisiwa upya, kwa herufi kubwa, na kwenye fomu akabadilisha kundi.

"Bibi, lete kiti," alisema. "Na redio yako."

"Na pasi?"

"Shangazi atapiga."

Saa mbili zilizobaki zilikuwa sherehe. Bibi alinasa, Chiriku akaita. "Huyu hapa! Huyu anayeongea kama ana viazi mdomoni!" Fundi redio aliunguza foronya moja kwa kucheka.

Saa nane ilipopita, Nyundo aliita. "Chiriku! Umemaliza na ngapi?"

"Mia moja na tisini, ila nimehamia wenye msaada. Bibi yangu alinionyesha kisiwa."

"Mimi sikukipata kabisa. Ungenishinda."

"Najua."

"Basi mwakani mfungie Bibi jikoni."

"Njoo umfungie wewe kama unaweza!"

Matokeo yalitoka baada ya mwezi. Kikombe kilibaki kwa Nyundo. Chiriku alikuwa wa kumi na tisa kati ya watu wazima arobaini. Lakini posta ilileta kadi yenye picha ya mnara wa taa: mama wa kisiwani alithibitisha kwa saini yake kwamba walizungumza. Chiriku aliisimamisha kati ya saa na kopo la vifungo.

"Hewani hatuonani," Shangazi alimwambia. "Kila mmoja anaandika daftari lake peke yake, na wote tunaliamini. Ndiyo maana mchezo upo. Siku uliposema kweli, ulimlinda yule mama, ukamlinda Nyundo pia."

Bibi hakuwa akisikiliza. Alikuwa amevaa miwani, ameinamia kitabu cha mtihani wa leseni.

"Mwakani naingia mwenyewe, bila msaada," alitangaza. "Na wewe, mke mwenzangu, ukinasa kisiwa, nakuomba ufunge mdomo."