Tundu la Silinda ya Sita

Haya yalimkuta rafiki yangu Shelley Kowald, fundi wa magari katika mji wa Port Pirie, Australia, wala si mtu wa porojo. Trent, jirani yake, alimletea gari la michezo la silinda sita alilolinunua mnadani.

"Dada, lifungie turbo leo leo. Nataka liruke!"

"Litaruka vipande vipande. Injini haiongezewi nguvu kabla ya kujua uzima wake. Tunapima kwanza."

Nje upepo ulivumisha vumbi jekundu, wakashusha mlango wa bati. Mara umeme ukakatika, gereji ikawa giza totoro saa nane mchana. Shelley hakujali. Alifungua plagi zote za injini, akapima kwa njia ya wazee: anaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, Trent anapiga stata. Silinda tano zilikisukuma kidole kwa kishindo cha hewa.

Ya sita ilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala na nyama menoni. Hata hivyo akaliziba tundu. Humo ndani akasikia mate yakimezwa taratibu.

"Trent, acha stata!"

"Sijagusa ufunguo, dada."

Kitu laini, cha vuguvugu, kikazunguka ncha ya kidole. Akakichomoa kidole, ute mzito ukining'inia.

Trent alipommulika kwa tochi, waliona ukucha wa kidole gumba kile, uliokuwa mweusi kwa grisi miaka ishirini, umekuwa mweupe pe, umelambwa hadi kwenye mzizi.